Kopo Lisilo na Jina

Mchwa hawakugusa kitu kingine.
Waliacha kitanda cha mninga, waliacha mkeka,
wakala karatasi mbili tu kwenye rafu ya mjomba Shaweji:
majina ya makopo mawili ya baruti.

Liwale, mwezi wa tano, ufuta umeshika vitumba.
Nguruwe mwitu wanaingia usiku kwa ukoo, mama mbele,
na asubuhi shamba langu limelala chali.
"Mjomba," nikasema, "bunduki unayo, kibali unacho,
maganda umeyasugua yanang'aa kama meno ya dhahabu.
Kimebaki nini?"

Miaka kumi na tisa aliwajazia risasi wawindaji wa kampuni:
bastola nzito ya kiunoni, bunduki ndefu ya nyati,
na kila chuma alikijulia chakula chake.

"Shuleni walikwambia haraka haraka haina baraka.
Mwalimu wako hakuwahi kujaza bastola.
Mtutu mfupi ni mlango wa karibu,
risasi haina muda wa kuaga,
baruti iwake yote kabla haijafika nje.
Hapo baraka imo ndani ya haraka.
Lakini mtutu mrefu unasukuma
kama gari lililonasa njia ya Nangurukuru:
bega kwanza, halafu nguvu, halafu nguvu tena.
Ukilipiga teke, unavunjika wewe."

"Basi ipi ni ipi?"

Akamimina kiganjani. Moja vipande bapa,
vyepesi kama makapi ya ufuta.
Nyingine vijiti, kana kwamba mtu
amewakatia siafu kuni.
Akanusa. "Hii nadhani ni ya..."
Akanyamaza. Akalirudia lile neno
kama aliyeng'ata jiwe ndani ya wali:
"Nadhani."

Nikachukua kiberiti, nikaweka chembe mchangani.
Moja ikaondoka, fuu!
Nyingine ikajivuta na mwali wa manjano.
"Si umeona?"
"Nimeona moto ulio huru. Mtu uwanjani
na mtu uliyemfungia chumbani
si mtu yule yule."

Akaweka mkono wa kushoto juu ya meza.
Vidole vitatu na nusu.
Utotoni nilidhani alizaliwa hivyo.
Kumbe ni Mkwepu, mwenzake wa kambini,
aliyekadiria kwa kijiko jioni moja, mgeni ana haraka.
Mjomba alikuwa amesimama pembeni tu.
Habari za Mkwepu mwenyewe hakuzisema.
Alifunika kopo, akalikaza kifuniko,
akalikaza tena.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha korosho.
Najua kilo inavyoliwa na kidole gumba.
Nikamwambia hata sisi huwa tunakisia kidogo.
Akanitazama.
"Mizani yako ikisema uongo, mtu analala njaa.
Yangu ikisema uongo..."
Akanyanyuka, akayachukua makopo yote mawili,
akaenda nyuma ya bafu la makuti
akayamwaga kwenye maboga ya shangazi Somoe.

Usiku ule nguruwe walikula upande wote wa mashariki.
Nilipiga debe mpaka alfajiri, nikamtukana mjomba
kwa Kingindo, Kiswahili hakikutosha.

Mwezi wa nane akaja ghalani,
foleni ndefu, vumbi la magunia,
amekumbatia boga kijani hadi linakaribia weusi.
Hakunipa. Aliliweka kwanza kwenye mizani yangu,
akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni,
akasubiri mshale utulie.

"Soma," akasema.
"Kilo nne na ushee."
"Ushee ndiyo ngapi?"