Swichi Chini ya Kiti

Juni ya Njombe haina huruma.
Sakitu imelala juu ya boneti
kama unga uliomwagwa na mtu mwenye haraka,
na Pijo la marehemu baba, mia tano na nne,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
linakohoa mara tatu, linanyamaza.

Kabureta ile niliipenda.
Niliisugua kwa mswaki tangu niko darasa la nne,
najua kila tundu lake. Ila penzi halichomi petroli.
Jana nimeifungua, nikaiviringisha kitenge,
nikaiweka kabatini na vyombo vya wageni.

Sasa nimelala chali chini ya dashibodi,
tochi mdomoni, nyaya usoni.
Kastoli, kijana wangu, anasoma mchoro
kwa sauti ya matangazo ya kanisani:
"Nyekundu, umeme wa swichi. Nyeusi, ethi.
Njano yenye mstari wa kijani...
dada, hii imepotelea kwenye mkunjo wa karatasi."

Nozeli nne za Toyota iliyopinduka Kitonga.
Kontrolboksi, ndogo kama Agano Jipya la mfukoni.
Pampu ya kuzama tangini, rilei mbili, fyuzi.
Gari lililozoea kupigwa kofi ndipo liwake
sasa litaulizwa kwa adabu:
hewa ya leo ina baridi kiasi gani?
Nalo litajibu kwa volti.

Bati la zamani linadanganya ethi.
Nikakwangua rangi mpaka chuma kikacheka,
nikakaza boliti, nikapima kwa mita. Sifuri.
Sifuri tamu.

Kisha waya mmoja wa bluu.
Haumo kwenye mchoro wa kiwanda wala kwenye wangu.
Umefungwa uzi wa kushonea magunia,
fundo la baba, lile la viazi,
unapita chini ya zulia, unapanda kiti cha dereva,
unaishia kwenye swichi ya taa ya kitandani.

Nikaibonyeza. Tiki.
Koili ikafa.
Tiki. Ikafufuka.

Nikacheka hadi tochi ikaniponyoka.
Kumbe! Miaka yote ile
Baba Mdogo Yoramu akija kuomba gari,
apeleke mbao Makambako, apeleke posa Ilembula,
baba alikuwa akisema, "Chukua, ndugu yangu, chukua,"
anakaa kwenye usukani, anapiga stata,
injini inazunguka, inazunguka, haishiki.
"Si unaona mwenyewe?" Na uso wa msibani.
Mtaa mzima ulijua, isipokuwa mimi.

Halafu kicheko kikapigwa na baridi.
Maana usiku mmoja wa Juni kama hii
kabureta iliganda kweli, mama ana uchungu,
na baba akabisha mlango kwa mlango
akiomba watu wa kusukuma.
Mapazia yalisogea. Milango haikusogea.
"Yule na Pijo lake," walisema, wakarudi kulala.
Ndiyo maana cheti changu kinasema Hospitali ya Kibena
na mama anasema kiti cha nyuma.

Kastoli kashika koleo. "Niukate?"
Ukate. Lakini swichi iache ilipo.

Saa tisa alasiri nikageuza ufunguo.
Pampu ikanong'ona sekunde mbili,
kama anayeombea chakula huku ana njaa,
na injini ikashika papo hapo,
bila choki, sauti nyororo
hata nikaona haya kidogo
kwa makofi yale ya zamani.

Baba Mdogo akatokea getini,
fimbo mkononi, koti la mvua hadi magotini.
Ana magunia sita ya viazi, anasema.
Makambako tu, kwenda na kurudi.
Mkono wangu, wala sikuutuma,
ukashuka chini ya kiti.

Tiki.

Injini ikaendelea kunguruma.