Sindano Isiyo na Uzi

Sindano nazijua. Nazijua kwa namba:
kumi na moja ya pamba, kumi na nne ya sare za shule,
kumi na sita ile ya jinzi
inayovunjika ukiiharakisha.
Kidole changu cha shahada kina alama tatu
za siku nilizoshona nikisinzia.

Hii ya leo sikuijua.
Nyembamba kuliko ya hariri,
na haina tundu la uzi.

Julai, Kariobangi. Baridi imekaa mlangoni kama mdai.
Benchi la kliniki ni la chuma, linapenya leso mbili.
Tumeketi tisa, lakini hesabu vyema: tuko kumi na tisa,
maana Nyangweso ana mapacha.

Kavinya alikuwa ameniambia asubuhi:
"Chanjo ya mafua? Mafua nayo yana daktari?
Tangawizi, ndimu, kitunguu, ukalale.
Na mwenye mimba hadungwidungwi ovyo."
Sikumbishia. Kavinya alinikanda mgongo
mwezi mzima, hajanidai hata sukari.
Lakini Kavinya hakuwako
usiku ule wa Shisia.

Wiki tano alikuwa nazo duniani.
Mafua, tukasema. Mafua tu.
Shangazi yake alikuja kumbeba, akapiga chafya kando,
akafuta mkono kwa kanga, akambusu.
Siku ya tatu mtoto akaacha titi.
Kifua kikawa kinabonyea kila pumzi,
kama kitambaa kilichovutwa na uzi uliokazwa mno.
Nilikijua kile kifinyo, nimekifumua mara elfu,
ila pale sikuwa na pa kufumulia.
Tulikesha siku nne hospitalini, mpira wa hewa puani,
na alfajiri moja kitanda cha jirani
kilikuwa kimetandikwa upya.
Hakuna aliyeuliza.

Shisia sasa ana miaka minne. Hukimbia na vifungo vyangu.
Mimi ndiye bado nahesabu pumzi zake.

Sista Kageha hakunihubiria.
Nilimuuliza: kwa nini asidungwe mtoto mwenyewe akizaliwa?
"Hiyo hapewi kabla ya miezi sita," akasema.
"Wewe ndiye unayejifunza kwa niaba yake,
kisha unamtumia kupitia kitovuni."
Nikauliza: basi hatayapata?
"Anaweza kuyapata. Sikudanganyi, mama.
Ila si rahisi afike pale alipofika kaka yake."
Nililipenda jibu lile. Fundi anayekuahidi
kwamba nguo haitapauka kamwe, mkimbie.

Nikakunja mkono wa sweta.
Ubaridi wa spiriti. Mchomo. Pamba.
Redio ya karani haikuwa imemaliza hata tangazo la sabuni.

Usiku bega likauma. Nilikuwa nimejisahau
nikatoa mkono wa kulia, ule wa gurudumu.
Baba Shisia akauliza kama inauma sana.
Kama pindo lililokazwa, nikamwambia.
Na mtoto akageuka tumboni, polepole,
kama anayejipima nguo mbele ya kioo.

Nguo zake nimeshashona:
kofia mbili za sufu, kanzu ya flaneli,
soksi nilizokatia vipande viwili tofauti.
Hizo ni za watu kuona.
Hii ya ndani, bitana yake ya kwanza,
nimeishona bila cherehani, bila chaki,
kwa sindano isiyo na uzi,
na sitamwona akiivaa.

Atazaliwa Septemba. Atafutwa, atavikwa,
atapitishwa mikono kwa mikono
katika chumba chenye dirisha moja,
na shangazi atapiga chafya.
Nimeshamwambia anawe kwanza.