Nyuzi

Saa tisa usiku, Mbeya, mwezi wa saba.
Ukungu umeshuka toka Loleza
ukalalia kioo cha wodi ya mahututi
kama ndugu anayesubiri majibu.

Kitanda cha tatu: Ambokile,
mpakia viazi wa Uyole,
aliyeanguka toka juu ya lori, gunia likamfuata.
Siku ya tano mashine inampumulia.
Inajaza, inaachia. Haichoki,
wala haijui kusema pole.

Nazamisha mrija mwembamba ndani ya ule mpana, navuta.
Juzi yalitoka maji ya mchele.
Jana, uji.
Usiku huu, rangi ya parachichi lililovia,
zito, linang'ang'ania.
Kipimajoto: nyuzi thelathini na nane, nukta sita.

Daktari Mwasomola anainua picha kwenye taa.
Chini ya pafu la kulia pana weupe.
“Weupe huu una majina manne,” anasema.
“Maji yaliyotuama. Damu ya lile gunia.
Pafu lililosinyaa, kama chandarua kilichokatika kamba.
Au nimonia.”
Kisha, taratibu: “Na homa haitembei na kitambulisho.”
Anainama kusikiliza kifua.
Mashine inamkatiza kila akikaribia kusikia.

“Peleka makohozi maabara, waoteshe.
Siku mbili tatu, wadudu watajitaja.
Dawa tuanze sasa hivi.
Wakijitaja wengine, tutabadili.
Wasipojitaja, tutaacha.”
Hakuna mkulima avunaye hivyo, kabla ya kujua kilichoota,
lakini pafu halingoji msimu.

Koridoni mkewe, Tumwanukye, anafuma sweta,
nyuzi za kijani za Mwanjelwa.
“Ni baridi, nesi, eti?
Mmemlaza kifua wazi. Nilisema mimi.”
Baridi.
Ingekuwa rahisi kuitikia.

Kuna kitu picha haikukipiga.
Usiku wa juzi nilishusha kichwa cha kitanda
nibadili shuka.
Kengele ya kitanda cha tano ikalia, nikakimbia.
Kichwa hutakiwa kiinuke nyuzi thelathini
mate yasiteleze kuifuata njia ya hewa.
Alfajiri nilikikuta sifuri,
sawasawa na meza.
Nikakiinua. Sikumwambia mtu.

Huenda si hilo.
Daktari ana majina manne;
la tano ninalo mimi, nimelifungia mdomoni siku mbili.

Nimefungua faili.
Nimeandika tarehe, saa, sifuri,
na chini yake, Subilaga, herufi zote, zisomeke.

Nyumbani kuna kipimapembe cha mwanangu, darasa la sita,
kimevunjika ncha moja.
Kesho nitakifunga ubavuni mwa kitanda hiki
na uzi wenye sarafu ya kuuvuta chini,
yeyote apitaye na aone.

Nimemwomba Tumwanukye kipande cha uzi.
Amekata kwa meno, hakuuliza wa nini.
Sijamwambia bado.

Maabara hufungua saa mbili.