Ritifaa

Saa nne usiku. Upepo wa Juni
unagonga bati la ofisi ya ushirika
kama mtu anayedai chake.
Mbele yangu majina elfu mbili na ushei,
wakulima wa zabibu, Hombolo mpaka Mpunguzi,
yameingizwa na vijana wa kibarua, kila mmoja na kidole chake:
nafasi tatu kati ya jina na ukoo,
sifuri imekalia kiti cha O,
na mmoja kaandika tu
*mama Chiku wa nyumba ya buluu*.

Natunga ruwaza.
Kofia: anzia hapa. Dola: komea hapa.
Nukta: yeyote apitaye.
Nyota: awe mmoja, wawe mia, asiwepo kabisa, sawa.
Kisha, kwa safu ya majina,

[^A-Za-z ]

yaani kisicho herufi wala nafasi, kitoke.
Nikabonyeza. Sekunde haikutimia.
Orodha iking'aa kama sufuria iliyosuguliwa majivu,
nikaenda kulala najisifu.

Alhamisi akapiga Bi Mbeleje Ng'humbi, wa Makang'wa.
Hela yake imerudi. Benki haimjui.
"Umeniandika nani, mwanangu?"
Nikamsomea: Nghumbi.
Kimya. Kuku wake nikawasikia.
"Huyo simfahamu. Soma tena, kwa sauti."
Nikasoma, na ulimi ukaniumbua:
gh ya ghali, gh ya ghorofa,
ukoo mzima umehamia pwani bila kuaga.

Nikashuka na orodha.
Makangwa.
Ng'hong'onha yote imekuwa Nghongonha,
kijiji cha watu wenye kikohozi.
Mia moja na themanini na sita, nimewahesabu,
nimewang'oa kitu puani.

"Sisi mzabibu tunaukata," akasema,
"ukipita njiani utadhani tumeuua.
Ila kwanza tunahesabu macho.
Kila tawi tunaliachia mawili.
Ukikata jicho, mwanangu, umebaki na kuni."
Salio likamwishia hapo.

Nakala ya zamani nilikuwa nayo, kwa bahati, si kwa akili.
Nikafungua mabano, nikamwingiza yule mdogo:

[^A-Za-z' ]

na bado wengine wakadondoka,
kwani kumbe anakuja kwa sura nne:
aliyesimama wima, aliyepinda mgongo,
aliyelalia kushoto,
na koma iliyopandishwa juu na mtu aliyekata tamaa na kibodi.
Nikawakusanya. Nikawapa sura moja.
Nikasoma majina yote kwa mdomo, mlinzi akachungulia
akidhani nasali.

Ijumaa hela ya Bi Mbeleje ikafika.
Hakupiga kushukuru. Ya nini?

Amebaki yule wa nyumba ya buluu.
Kofia haimshiki, nyota haimshiki.
Nimeazima pikipiki ya mhasibu,
nimejaza lita mbili,
na kalamu ninayo.