Vidole Visivyosomeka

Mashine waliileta siku ya Jumatatu,
ndogo, nyeusi, wakaibandika mlango wa nyuma,
hapo tunapoingilia sisi,
baina ya mapipa ya taka na jenereta.
Bonyeza kidole, alisema Haroub wa mahesabu.
Ikilia pii, umefika.
Ikilia pii-pii, hukufika.
Haina upendeleo.

Mkasi akabonyeza.
Pii-pii.
Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza tena.
Cha kati, cha pete, gumba la kushoto.
Pii-pii.
Nyuma yake foleni inaguna,
na mashuka ya jana yamo pipani yanamngoja.
Akaingia kazini. Angefanya nini?

Miaka tisa Mkasi binti Faki
anafua mashuka ya hoteli hii ya Kiwengwa.
Alivuka kutoka Micheweni na begi moja
na barua ya mjomba.
Madoa ya mvinyo, ya mafuta ya kujikinga na jua,
ya hina wanayochorwa wageni ufukweni.
Doa la hina halitoki kwa sabuni,
hutoka kwa dawa ya lile dumu la buluu,
na dawa ile ikishaanza kutoa
haichagui.
Glavu? Zilikuja siku aliyokuja mkaguzi.
Zikaondoka naye.

Mimi napiga pasi, meza ya pili.
Usiku, katika chumba tunachokodi wanne,
namwona akijipaka mafuta ya nazi vidoleni,
anacheka kicheko chake cha puani:
"Zuwena, nimekuwa kama niliyezaliwa jana.
Hata mistari sina."

Mwisho wa mwezi bahasha yake ikaja nyepesi.
Siku kumi na moja: hakufika.
Mkono mtupu haulambwi, wamesema wazee.
Wake yeye hata hausomwi.

Hakupiga kelele. Mkasi hana kelele.
Alichukua shuka mezani kwangu, la chumba nambari kumi na nne,
bado la moto,
akaenda nalo mpaka ofisini
akalitandaza juu ya meza ya Haroub,
juu ya makaratasi, juu ya kikombe cha chai.
"Tarehe sita," akasema,
"wageni wako walilalia nini?"

Kisha akaviweka vidole vyake kumi
juu ya weupe ule.
"Soma."

Ngozi imeng'aa kama ndani ya kombe.
Haroub akaitazama, akatazama dirisha.
"Mashine ndiyo inayosema, dada. Si mimi."
"Basi iambie ije ifue."

Sisi tulikuwa mlangoni, sijui nani alituita.
Riziki wa jikoni, aliyeungua kiganja kwa mafuta ya samaki.
Machano wa bustani, gumba lake nusu limebaki kwenye mashine ya majani.
Aliyeanza kuweka mkono mezani simkumbuki.
Nakumbuka meza ilijaa,
na chai ilimwagika, ikaingia kwenye shuka,
na hakuna hata mmoja aliyekimbilia kulifua.

Saa sita mchana vitanda thelathini viko uchi.
Meneja, ambaye kwa miaka yote
hakuwahi kuujua mlango wetu,
aliuona.

Tulipata hiki: daftari la kutia saini.
Siku tisa kati ya zile kumi na moja,
mbili "zitatazamwa."
Glavu jozi nne; sisi wafuaji na wapiga pasi ni saba,
tunazivaa kwa zamu.
Mkataba bado ni miezi mitatu, mitatu,
kama deni la dukani.
Tumeandika barua nyingine.
Safari hii tumetia saini watu ishirini na sita,
na Machano kachora msalaba wake, mkubwa,
umekula nafasi ya majina mawili.

Mashine ipo palepale mlangoni.
Kila asubuhi Mkasi hubonyeza, makusudi.
Pii-pii.
"Nimefika," huijibu,
kama anavyojibiwa mtu asiyesikia vizuri,
akaenda zake kutafuta kalamu.