Mirathi

Kwa miezi saba nilimlinda Jouko kama askari wa benki.
Nilihesabu vipande vya jibini kwenye mkate wake,
siagi nikaipima kwa ncha ya kisu,
na alipokwenda zizini mfuko wa koti umetuna
nilimpekua: soseji, kila mara soseji,
imefungwa kwa ukurasa wa michezo wa gazeti.
"Mke wangu, tunafuga ng'ombe kumi na tisa,
halafu mimi mwenyewe ninywe uji wa maji?"
Tumbo lake hutangulia mlangoni, yeye hufuata.
Mimi ni mwembamba. Gauni la harusi bado lanienea.

Basi tukaenda zahanati, mwezi wa Machi,
theluji kiunoni, hatujala tangu jana.
Nilinyoosha mkono wangu kwanza
ili aone kwamba sindano si nyoka.

Wiki iliyofuata muuguzi Marjukka akatuita.
Lehemu ya Jouko: tano nukta mbili.
"Punguza kidogo, mzee, lakini si haba."
Kisha akavua miwani, akanigeukia mimi:
nane nukta tisa.

Mganga hajigangi.
Jouko hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Baba yako alikufa na miaka mingapi?"
Arobaini na miwili. Msituni, Novemba,
shoka limekwama kwenye msonobari,
mkate wa siagi mfukoni, haujaumwa.
Tulisema baridi. Tulisema kazi. Mama alisema Mungu.
"Na kaka yako?"
Arobaini na sita. Saunani.
Marjukka akaandika, na katika mkwaruzo wa kalamu yake
nikaelewa kwamba siku ile tulipogawana mirathi,
shamba kwa kaka, birika la shaba kwangu,
lilikuwapo fungu ambalo mwanasheria hakulisoma:
nta laini, ikipaka kuta za mishipa
usiku na mchana, bila kelele,
kama masizi ndani ya bomba la jiko.

Nilirudi nyumbani nikafungua kabati la juu.
Mle nilikuwa na duka zima:
vidonge vya kitunguu saumu,
mafuta ya samaki ya rangi ya asali,
na chachu nyekundu ya mchele, niliyoagiza kwa posta
kwa mtu asiye na anwani.
Nikavibeba vyote kwenye kikapu cha uyoga.
Marjukka akavipanga mezani kama mcheza karata.
"Hivi, harufu nyingi, kazi ndogo.
Haya ya samaki sikukatazi, ila samaki mwenyewe ni bora.
Na hii nyekundu ni dawa iliyovaa nguo za chakula.
Ukiichanganya na nitakayokupa, misuli yako italia. Iache."
Akaniandikia kidonge cheupe, kimoja kila jioni.
Nilitamani aniambie kwamba uji unatosha.
"Uji unasaidia," alisema. "Kula kila siku.
Lakini uji haumfuti baba yako."

Sasa asubuhi nakoroga shayiri mpaka iteleze,
natia matunda ya buluu niliyochuma Agosti,
na ulimi wangu unabaki na wino kama wa mtoto wa shule.
Mchana ni muikku, hao dagaa wa ziwa letu,
na mkate mweusi, mkavu, unaotaka meno na subira.
Vikate vya wali vya Karelia bado navifinya kingo
kila Jumamosi, vidole havijui hesabu za damu.
Siagi ya mayai naiweka upande wa Jouko.
Yeye huitazama, hunitazama mimi,
kisha huisukuma katikati ya meza
ambako inakaa, inayeyuka, haina mwenyewe.

Jana nimempigia Veera, kule Tampere.
Ana miaka ishirini na saba. Nikamwambia nenda kapime.
"Mama, mimi nakimbia kilomita kumi!
Uliniona Krismasi. Nimenenepa wapi?"
Nikamjibu: hata mimi ni mwembamba.
Hakusema kitu.
Nikasikia, upande wake wa simu,
mlango wa friji ukifunguliwa,
na friji ikinguruma, ikinguruma,
hakuna anayeifunga.