Aina ya Biashara (Chagua Moja)

Kwenye stesheneri ya Mchimbuli, nyuma ya stendi ya Newala,
kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate wa mgeni.
Anakifunua. Anauliza jina.
"Korosho za Mnyambe," nasema. Anaandika.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kisha linatokea swali ambalo sikulala nalo:
aina ya biashara. Chagua moja.

Nilidhani aina ni korosho.

Mchimbuli anaeleza huku akipangusa vumbi kwenye rimu:
ukisajili peke yako, wewe ndiye duka, duka ndilo wewe,
likidaiwa, unadaiwa mpaka kitanda.
Mkiwa wabia, mmoja akikopa usiku
mwenzake anaamka mdeni.
Kampuni, anasema, kampuni ni mtu.
Mnamzaa kwa karatasi. Deni lake ni lake,
ukuta unasimama kati yake na bati za nyumba zenu.
Ila naye anataka matunzo: kila mwaka hesabu zake zipelekwe,
hata mwaka ambao mikorosho imegoma kutoa maua.

Somoe, aliyeegemea mlango, anauliza:
"Huyo mtu akifa, anazikwa wapi?"
"Hazikwi, mama. Anafutwa."
"Masikini," anasema Somoe. "Hata tanga hana."

Mimi habari za bati nazijua.
Mwaka ule marehemu alichukua salfa kwa mkopo, kwa jina lake,
na ubwiri unga haukusikia dawa.
Walikuja wanaume wawili na ngazi yao wenyewe.
Ngazi yao wenyewe!
Walihesabu kwa sauti, mpaka kumi na nane,
na usiku huo wanangu wakaniuliza majina ya nyota.
Kwa hiyo nusu yangu inautaka ule ukuta,
inautaka leo, hata kwa kuuza cherehani.

Nusu ya pili, wacha niseme kweli,
imekuja hapa na kitambulisho kimoja.
Mtaji ni wangu. Mizani ni yangu.
Nilitaka mstari mmoja wenye jina moja,
na Somoe nilimwambia anisindikize tu, jua kali.

Sasa anachezea rula ya Mchimbuli, naiona mikono yake.
Mafuta ya ganda yamekula alama za vidole, zote kumi.
Siku ya vitambulisho mashine ilimkataa mara tatu,
yule kijana akamwambia, mama, kanawe,
akanawa, akarudi, ikamkataa.
Lakini mpe debe la korosho na rungu lake dogo:
zitatoka nzima, nyeupe kama meno ya mtoto,
na vipande havitajaza kikombe cha kahawa.
Mimi nikibangua, navunja nusu.

Nikawaza: sheria hii inamjua mtu asiye na mikono,
inampa jina, namba, na haki ya kudai,
na huyu mwenye mikono ilimrudisha bombani.

"Andika wawili," nasema.
"Ubia?"
"Ubia. Na uchape mkataba, tuutie sahihi:
nani anakopa, nani anaulizwa kwanza,
tukigombana kikaango cha nani, mizani ya nani,
na mmoja akifa watoto wake wapewe nini."
"Na ukuta?" anauliza Mchimbuli.
"Ukuta una matofali. Hatujayafyatua."

Anataka kitambulisho cha mbia wa pili.
Nageuka kumwambia Somoe akakifuate nyumbani,
na tayari anafungua fundo la kanga.
Kipo. Kimefungwa kwenye nailoni, safi,
kama kitu kilichoandaliwa tangu jana.

Hakunitazama. Akakiweka mezani juu ya changu.

"Mgawanyo?" anauliza Mchimbuli. "Asilimia ngapi kwa ngapi?"

Hapo ndipo tukatazamana,
miaka kumi na mmoja ya jiko moja,
kama watu waliokutana stendi
wakigundua wanasafiri gari moja.